TULIJUA KUZIKA, TUKAJIFUNZA KUUGUZA
Historia fupi ya akina mama wanaohudumia wagonjwa majumbani mkoani Kagera



Kamati ya kijitabu iliponiomba niandike kurasa za historia, wengi walitegemea nitaandika hesabu: hisa tulizonunua, mikopo iliyotoka, mabati yaliyoezekwa na ada za shule zilizolipwa. Hesabu hizo mweka hazina wetu amezieleza vizuri katika kurasa zake, sina haja ya kuzirudia. Mimi nimeomba niandike juu ya kazi nyingine, ambayo karibu kila mmoja wetu ameifanya, lakini haijapata kuandikwa katika daftari letu hata mara moja. Nayo ni kazi ya kuuguza mgonjwa nyumbani.

Ninayo sababu. Katika mkutano mkuu wa mwaka huu, kabla ya mgao, tutapiga kura juu ya kifungu kipya cha mfuko wa jamii. Wapo wanaokitaka na wapo wanaokipinga, na wote wana hoja zao. Basi kabla hatujanyoosha mikono, ni vizuri tukumbushane tulikotoka.

ENZI ZA "JULIANA"

Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika hospitali ya Ndolage, hapa hapa mkoani kwetu. Wakati huo hata neno UKIMWI halikuwepo. Watu wa huku waliuita ugonjwa huo "Juliana", jina la nguo zilizokuwa zikija kwa magendo kutoka Uganda. Ng'ambo ya mpaka waliuita "silimu", kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Ilipofika mwaka 1986, mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kutoa taarifa za wagonjwa. Mwaka 1987 watafiti walipima watu wazima wa Bukoba mjini, wakakuta asilimia 24.2 wana virusi. Yaani karibu mtu mmoja katika kila wanne.

Takwimu hiyo sisi tuliijua kwa njia ya misiba. Kwetu kuzikana ni jambo lenye utaratibu tangu zamani. Mtu akifa, hakuna anayeuliza nifanye nini. Huyu anakuja na mkungu wa ndizi, yule na kuni, yule na maji, na chama cha kuzikana kinatoa fungu lake. Wanaume wanachimba kaburi pale kibanjani, akina mama wanakaa na mfiwa. Ni utaratibu mzuri, na hata tauni ile kubwa haikuuvunja, ingawa iliuchosha.

Lakini kabla ya msiba kulikuwa na miezi, pengine miaka miwili, ambapo mgonjwa alikuwa amelala chumba cha nyuma. Huko hakukuwa na chama. Kulikuwa na mama yake, au mkewe, au dada yake, au binti mdogo aliyetolewa shule.

Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati mama yangu alipomuuguza mdogo wake wa kiume. Mjomba aliletwa nyumbani kutoka mjini akiwa hawezi tena kusimama. Mama alifua mashuka yake usiku, ili majirani wasione. Alifua kwa mikono mitupu, maana nani alimwambia habari za glovu? Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na kweli uji mama aliupika. Hakuna aliyemwonyesha namna ya kumgeuza mtu asiyejiweza, wala namna ya kumwinua bila kuumia mgongo, wala kwa nini amgeuze. Mjomba akapata vidonda vya kulalia, vikubwa, na harufu yake sisi watoto tuliikimbia. Mama hakuwa na pa kukimbilia.

Mjomba alipofariki, watu walikuja wengi sana. Ndizi zilibaki, kuni zilibaki, hata fedha za mchango zilibaki. Jioni wageni walipoondoka, mama alikaa kwenye mkeka akasema neno ambalo sijalisahau: "Wangeniletea hata kipande cha sabuni akiwa hai."

Akina mama wenzangu, yote nitakayoandika baada ya hapa yanatoka katika sabuni ile.

JIRANI ZETU WALIANZA

Mwaka 1987, huko Uganda, mama mmoja mtaalamu wa tiba ya viungo, Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe kwa UKIMWI, aliungana na wenzake wakaanzisha shirika la TASO. Wengi wa waanzilishi hao walikuwa wenyewe wanaishi na virusi. Walianza kwa kukutana na kutiana moyo, halafu wakawa wanawatembelea wagonjwa majumbani na kuzifundisha familia. Katika miaka hiyo hiyo, kule Zambia, hospitali ya Chikankata ya Jeshi la Wokovu ilianza kutuma timu zake vijijini kuwafuata wagonjwa, badala ya kuwangoja wodini.

Hapa Tanzania, mwaka 1989, Theresa Kaijage, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu, aliongoza kuanzishwa kwa WAMATA, kwa kirefu Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania. Tazameni jina lenyewe: walio katika mapambano. Halikusema wagonjwa peke yao. Mama anayefua mashuka usiku naye yumo.

Sasa, kwa nini huduma ya nyumbani ilienea kwa kasi hivyo? Tuseme ukweli wote. Sababu moja ilikuwa huruma: mgonjwa asiyepona anapenda kulala kwake, asikie sauti za watoto na harufu ya jikoni kwake. Sababu ya pili ilikuwa umaskini wa hospitali. Vitanda vilijaa, na dawa ya kuwaponya waliolala hapo haikuwepo. Tena mwaka 1993 serikali ilianza kuchangisha fedha za matibabu katika hospitali zake, na kwa wengi wetu safari ya hospitali ikawa safari ya kuuza mbuzi. Basi mgonjwa akarudishwa nyumbani. Katika mipango ilionekana kwamba gharama imepungua. Kumbe haikupungua, ilihamia mgongoni mwa mwanamke, ambaye hakuna aliyeandika saa zake.

Mwaka 1993 huo huo Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha mafundisho ya kuwatunza wagonjwa wa UKIMWI majumbani. Baadaye, miaka ya 1990 ikielekea mwisho, Wizara yetu ya Afya nayo ikaingiza huduma hiyo katika mpango wake. Hapo ndipo wengi wetu tulipoanza kuitwa kwenye semina.

SEMINA

Mimi nilikuwa katika waliochaguliwa na kijiji. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa bado hazijafika. Tulikaa wiki tatu katika darasa la shule wakati wa likizo, akina mama wengi na wanaume wachache, tukifundishwa na nesi mmoja mstaafu. Wengine mlikuwepo, mtakumbuka jinsi tulivyocheka siku ya kwanza tulipoambiwa tufundishwe kunawa mikono. Eti mtu mzima afundishwe kunawa! Hadi siku ya pili tulipoonyeshwa sehemu ambazo maji hayafiki, kicheko kikaisha.

Tulijifunza kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, kwa sababu uzito wa mwili ukikaa mahali pamoja unazuia damu isipite, na nyama inaanza kufa. Tulijifunza kuvuta shuka la kati, watu wawili, bila kumburuza. Tulijifunza kuvaa glovu, na penye shida ya glovu kufunga mkono kwa mfuko safi wa plastiki usiotoboka. Tulijifunza kuchanganya maji ya kuharisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta juu, visiwe vya kujaa kilima. Tulijifunza kusafisha kinywa chenye utando, na kutambua dalili ambazo mgonjwa hafai tena kukaa nyumbani, bali apelekwe zahanati upesi.

Siku iliyokuwa ngumu kuliko zote ni ya kusikiliza. Nesi alitupanga wawili wawili, mmoja awe mgonjwa, mwingine mhudumu. Mhudumu haruhusiwi kusema "utapona tu", wala "ni mapenzi ya Mungu", wala kuhubiri. Ni kusikiliza. Jamani, dakika tano zile zilikuwa ndefu! Mwenzangu alianza kwa mchezo, akaishia kulia kweli, maana alikuwa na mgonjwa nyumbani na hajapata kumwambia mtu.

Na kulikuwa na fundisho moja ambalo nesi alilirudia kila asubuhi. Alisema kazi yetu siyo kumwosha mgonjwa wa watu kila siku. Kazi yetu ni kumfundisha yule anayelala naye nyumba moja, na kurudi kuona anaendeleaje. Ukimwosha mgonjwa wewe, umesaidia leo. Ukimfundisha mkewe, umesaidia hata usiku wa manane ambapo wewe uko kwako umelala.

Nikirudi nyumbani nilimwonyesha mama namna ya kumgeuza mgonjwa. Alinitazama mpaka mwisho, akauliza, "Hivyo tu?" Nikasema ndiyo, hivyo tu. Hakusema neno jingine, akaenda zake shambani.

MKOBA MTUPU

Baada ya semina kila mmoja alipewa mkoba. Ndani mlikuwa na glovu, pamba, sabuni, jiki, dawa ya zambarau ya vidonda, vidonge vya maumivu, plastiki ya kutandika kitandani na daftari. Tulijiona watu wakubwa. Kijijini walituita "daktari", na sisi hatukukataa sana.

Mkoba ulijazwa mara ya kwanza, ukajazwa mara ya pili. Mara ya tatu tuliambiwa tusubiri. Mradi uliotufundisha siutaji jina, maana waliokuja walikuwa watu wema na walifanya kwa kadiri ya bajeti yao. Lakini ukweli ni kwamba mradi uliisha, na wagonjwa hawakuisha. Unafika kwa mgonjwa na mkoba mtupu, familia inautazama mkoba, wewe unatazama chini. Wenzetu wengine waliacha kupita njia zile kwa aibu. Wengine tulinunua sabuni kwa fedha za kuuzia maharage yetu. Waume zetu nao waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: "Hiyo kazi inakulipa nini?"

Kitu kingine kilichokosekana hakikuwa katika mkoba. Mtu anayetembelea wagonjwa saba, akazika wanne kwa mwaka mmoja, anahitaji mahali pa kuyasema yaliyo moyoni. Mwanzoni tulikuwa na kikao cha kila mwezi na nesi pale zahanati. Tunaeleza matatizo, anatuelekeza, na mwisho tunakunywa chai pamoja. Fedha zilipokwisha, kitu cha kwanza kuondoka kilikuwa kikao hicho, kwa sababu kwenye karatasi kilionekana kama chai tu. Kumbe ndicho kilichokuwa kinatushikilia. Baada ya hapo wahudumu walianza kupungua mmoja mmoja, kimya kimya.

Hilo ni funzo ambalo miradi mingi imelilipia: mafunzo bila kurudiwa na bila mtu wa kukutazama hayadumu. Semina ni mbegu. Palizi ndiyo kazi.

DAWA ZIMEFIKA

Mwezi Oktoba 2004 serikali ilianza mpango wa taifa wa kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo. Waliokuwa wamelala wakaamka. Niliona kwa macho yangu mama aliyekuwa amekwisha kugawa nguo zake akirudi kuomba kanga zake. Tulicheka, tukalia.

Kazi ya mhudumu wa nyumbani ikabadilika. Hatukuwa tena watu wa kumsindikiza mtu kaburini. Tukawa watu wa kumkumbusha kwenda kliniki ya tiba na matunzo, kuuliza kwa nini amekatisha dozi, kumtuliza mke ambaye mume amekataa kupima. Maambukizi nayo yalikuwa yameanza kupungua mapema. Katika Bukoba mjini ile asilimia 24.2 ya mwaka 1987 ilishuka hadi 18.3 mwaka 1993, na 13.3 mwaka 1996. Kupungua huko kulikuja kabla ya dawa, na naamini mazungumzo ya majumbani, ambayo wahudumu walikuwa sehemu yake, yalichangia.

Mwaka 2014 serikali ilitoa mwongozo mpya wa huduma za afya ngazi ya jamii, kwa nia ya kuwaunganisha wahudumu wa kila aina, waliokuwa chini ya miradi mbalimbali, wawe kada moja. Mwezi Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa kuwafundisha na kuwaajiri wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano, mafunzo yao yakiwa ya miezi sita. Hii ni habari njema na tuipokee hivyo. Vijana wetu wenye sifa waombe.

Hata hivyo tusidanganyane. Mhudumu wa afya atapita nyumba hadi nyumba, akae nusu saa, aandike, aondoke. Lazima aondoke, ana kaya nyingi. Anayebaki na mgonjwa saa ishirini na tatu na nusu ni mmoja wetu. Vilevile tumekwisha kuona kwamba msaada wa mbali unaweza kukatika kwa siku moja. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya nje, na miradi mingi ya UKIMWI iliyoutegemea ikatikisika katika nchi nyingi za Afrika. Sisi tuliowahi kubeba mkoba mtupu hatukushangaa sana.

WAGONJWA WA LEO

Mtu anaweza kusema, haya yote ni ya zamani, UKIMWI una dawa. Ni kweli. Lakini hebu hesabuni kimoyomoyo nyumba za kitongoji chenu. Nani ana mgonjwa wa kiharusi ambaye upande mmoja haufanyi kazi? Nani ana baba mwenye kisukari, mguu umekatwa? Nani ana bibi ambaye hamtambui tena mwanawe, na usiku anatoka nje kutafuta njia ya nyumbani kwao? Nani ana mgonjwa wa saratani aliyerudishwa?

Asiyeweza kujigeuza kati yao anahitaji kugeuzwa kila saa mbili. Wote wanahitaji shuka kavu. Vidonda vya kulalia havijali ugonjwa umeitwa jina gani. Elimu tuliyoipata kwa ajili ya UKIMWI ni ile ile inayotakiwa leo, ila waliofundishwa wamezeeka, na vijana hawajafundishwa.

Kwa upande wa maumivu, jirani zetu wametutangulia tena. Mwaka 1993 daktari Mwingereza, Anne Merriman, alianzisha Hospice Africa Uganda, akifundisha kutumia mofini ya maji, ya kunywa, kwa mgonjwa aliyeko nyumbani kwake. Mwaka 2004 Uganda ilibadili sheria ili wauguzi waliopata mafunzo maalumu waweze kuiandika dawa hiyo, kwa kuwa madaktari ni wachache vijijini. Mgonjwa wa saratani hana sababu ya kupiga kelele usiku kucha eti kwa kuwa anaishi mbali na mji. Tujue kwamba dawa ya maumivu makali ipo, na tuiulizie hospitalini.

Halafu kuna usalama wetu wenyewe. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg uliingia wilaya ya Bukoba. Walioambukizwa, pamoja na mmoja aliyehesabiwa kwa dalili, walikuwa 9, wakafariki 6, na miongoni mwao alikuwepo mtumishi wa afya. Mwezi Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo, na watu 10 wakapoteza maisha. Ugonjwa ule unapita kwa majimaji ya mwili, maana yake unampata kwanza yule anayefua, anayeosha, anayefuta matapishi. Unampata yule mwenye huruma. Mama yangu alifua kwa mikono mitupu miaka ile kwa kutokujua. Sisi tunajua. Tukifua kwa mikono mitupu leo, itakuwa ni kwa sababu glovu hazipo, na glovu ni suala la fedha.

SANDUKU LETU

Sasa tunafika kwenye sanduku.

Mtindo wetu wa kuweka na kukopa, wa hisa, sanduku na mgao wa mwisho wa mwaka, una asili yake Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE liliwasaidia wanawake wa vijijini kuanza vikundi vya namna hiyo. Baadaye ukafika Zanzibar, ukaenea Bara, na wengi wanaujua kwa jina la VICOBA. Uliwafaa wanawake kwa sababu haudai hati ya ardhi. Tukumbuke kuwa kwetu Uhayani mwanamke aliyerithi shamba la ukoo hakuruhusiwa kimila kuliuza, mpaka Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alipoamua mwaka 1990 kwamba ubaguzi huo ni kinyume cha Katiba. Wajane wangapi walimuuguza mume hadi mwisho, kisha wakaondoka kibanjani na fungu la nguo? Kwa hiyo sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zikikaa kwa akina mama watatu tofauti, halikuwa jambo dogo.

Pamoja na hisa tuna mfuko wa jamii. Kila mkutano kila mmoja anatia fungu lake. Katiba yetu inasema fedha hizo zitamsaidia mwanachama aliyefiwa. Ni kifungu kizuri, na tumekitekeleza miaka kumi bila kukosa.

Lakini nitasimulia jambo moja, na mwenyewe ameniruhusu bila kumtaja. Mwenzetu mmoja alimuuguza mama mkwe wake aliyepata kiharusi. Alikosa mikutano, tukamtoza faini ya kutohudhuria. Hakuweza kwenda mnadani, biashara ikalala, akachelewesha rejesho, tukamtoza faini ya kuchelewa. Alipofika mara moja akiwa amesinzia, tulimtania. Mama mkwe alipofariki, tulikwenda sote na sare zetu, tukampa rambirambi kamili kama katiba inavyosema, akasaini kwenye daftari. Nilikuwa mimi niliyemshikia kalamu. Nilipogeuza ukurasa niliziona faini zake, zote kwa mwandiko wangu.

Jamani, sikulala siku ile. Tulikuwa tumefanya kama wale waliomjia mama yangu na ndizi.

KIFUNGU KINACHOPENDEKEZWA

Pendekezo lililoko mbele ya mkutano ni la mambo matatu.

Kwanza, mwanachama anayeuguza mgonjwa asiyejiweza, akithibitishwa na wajumbe wawili waliomtembelea, asitozwe faini ya kutohudhuria, na muda wa rejesho lake uongezwe.

Pili, sehemu ya mfuko wa jamii imsaidie mgonjwa akiwa hai: sabuni, glovu, jiki, plastiki ya kutandika na nauli ya hospitali.

Tatu, na hili halihitaji fedha nyingi, tupeane zamu. Kila wiki wawili wetu waende kukaa na mgonjwa saa chache, mwenye kuuguza akaoge, alale, au aende sokoni. Na tumwombe muuguzi wa zahanati atufundishe upya, sisi na mabinti zetu na wavulana pia, angalau mara moja kila miezi mitatu. Chai tutapika sisi.

Wanaopinga wanasema mfuko ni mdogo, na tukianza kulipia wagonjwa, misiba itakosa. Wanasema wapo watakaodanganya. Wanasema mgao utapungua. Hoja hizi ni za kweli, tusizidharau. Kuhusu udanganyifu, ndiyo maana kuna wajumbe wawili wa kutembelea, na mgonjwa wa kiharusi hafichiki. Kuhusu udogo wa mfuko, nasema tupange kiwango kidogo na tukiheshimu. Huko Kerala, India, kazi ya kuwatunza wagonjwa wasiopona ilianza Kozhikode mwaka 1993 kwa watu wachache. Baadaye majirani wenyewe walijiunga vikundi vya mitaa, wakafundishwa, wakachanga fedha ndogo ndogo, na sehemu kubwa ya gharama ikabebwa na watu wa hapo hapo. Mwaka 2008 serikali ya jimbo hilo ikaweka sera rasmi ya huduma hiyo. Wananchi walitangulia, serikali ikafuata.

Kuhusu mgao kupungua, siwezi kusema hautapungua. Utapungua kidogo. Kila mmoja apime mwenyewe, akikumbuka kwamba zamu ya kuuguza haichagui, na zamu ya kuuguzwa vilevile.

MWISHO

Miaka kumi iliyopita tulianza na sanduku tupu na daftari jipya. Leo sanduku lina fedha, na daftari limejaa majina ya watu tuliowazika kwa heshima. Naomba daftari la miaka kumi ijayo liwe na safu moja zaidi, ya wale tuliowasaidia wakiwa bado wanaweza kusema asante.

Mama yangu sasa ni mzee, hasimami vizuri. Wiki iliyopita nilikuwa namgeuza kitandani, kwa kuvuta shuka la kati, na mwanangu wa kiume ameshika upande wa pili. Mama akacheka, akasema, "Hivyo tu?" Nikamjibu, ndiyo mama, hivyo tu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukutane kwenye mkutano mkuu, tuje wote, tupige kura tukiwa tumefikiri.